Msaada Usizae Ugomvi

Nani kati yetu hajapata kuona jambo hili? Msaada umefika kijijini, vigelegele vimepigwa, hotuba zimesomwa. Na kabla mwaka haujaisha, majirani waliokuwa wakiamkiana kila asubuhi hawaamkiani tena. Bomba la maji limewekwa mbele ya nyumba ya mmoja, na wa ng'ambo ya korongo wamesahauliwa. Orodha ya wajane imeandikwa na mtu mmoja, na wajane wa ukoo wake wameandikwa wote. Aliyeleta msaada amekwisha kwenda zake akiwa na moyo mkunjufu, akidhani ametenda jema. Jema ametenda kweli, lakini nyuma yake ameacha ugomvi.

Katika somo la juma hili twataka kuuliza: Je, mtoaji mwenye nia njema ana sehemu yake katika ugomvi huo? Na kama anayo, afanyeje ili mkono wake ulishe wenye njaa bila kuwatenga ndugu? Swali hili si la Serikali tu, wala si la mashirika makubwa tu. Ni la kila parokia, kila jumuiya ndogo ndogo, na kila jamaa ya Kikristu yenye kutoa hata kibaba kimoja cha unga.

Manung'uniko ya kwanza katika Kanisa

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume twasoma kwamba Wakristu wa kwanza wa Yerusalemu walikuwa na meza ya kuwalisha wajane kila siku. Ilikuwa kazi njema kabisa, iliyoanzishwa na watu watakatifu, nayo ikazaa ugomvi. Waamini waliosema Kigiriki waliwanung'unikia waamini Waebrania, kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika ugawaji.

Tutazame walivyofanya Mitume, maana ndani yake mna somo zima. Hawakusema kwamba wanaonung'unika hawana shukrani. Hawakuifunga meza ili ugomvi ukome. Wala hawakudai kwamba, kwa kuwa wao ni Mitume, mgawanyo wao hauwezi kuwa na kosa. Waliwakusanya waamini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Yasome majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Yote ni majina ya Kigiriki. Yaonyesha kwamba upawa ulitiwa mikononi mwa watu wa upande ule ule ulionung'unika. Meza ikaendelea, wajane wakala, na Kanisa likazidi kukua.

Maji ya Rau na Njoro

Tutoke Yerusalemu, tuje Kilimanjaro, tuone jambo hilo hilo katika nchi yetu. Msomaji wa Songea au wa Bukoba ambaye hajapata kufika Moshi, na asimame pamoja nasi Majengo, mtaa wa mji huo ambamo watu wa makabila na dini mbalimbali wanaishi ukuta kwa ukuta. Akitazama kaskazini ataona mlima, na ubavuni mwake vihamba vya migomba na kahawa. Akishuka kusini atafika tambarare yenye joto, huko Mabogini na Chekereni. Mvua nyingi hunyesha juu. Mashamba mapana yako chini. Basi riziki ya watu wa chini hupita kwanza mlangoni pa watu wa juu.

Wazee wa mlimani waliijua hatari ya jambo hili tangu zamani. Walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuyatoa maji mtoni na kuyapeleka vihambani, hata wageni wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19 waliistaajabia. Lakini la kustaajabisha zaidi kuliko mifereji yenyewe ni sheria zake. Kila mfongo ulikuwa na wazee wake. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Siku ya kuutengeneza mfongo watu walitoka na majembe, na asiyetoka alitozwa faini. Maji yaligawanywa na watu waliojuana, waliozikana, na waliokunywa mbege pamoja. Magomvi hayakukosekana, lakini palikuwa na mahali pa kuyapeleka.

Sasa, kati ya mwaka 1984 na 1987, Serikali yetu ikisaidiwa na Serikali ya Japani kwa mkopo na kwa wataalamu, ilijenga skimu kubwa ya umwagiliaji katika tambarare hiyo, ijulikanayo kwa jina la Lower Moshi. Mabanio yalijengwa ili kuyachukua maji ya mito ya Rau na Njoro; mifereji ikasakafiwa, mashamba yakasawazishwa. Skimu ilipangwa kuwa na hekta 2,300, na kati yake hekta 1,100 ziwe za mpunga. Wakulima walifundishwa kuotesha miche kitaluni, kuipandikiza kwa mstari na kuyapima maji katika majaruba. Mavuno, ambayo hapo kwanza yalikuwa kadiri ya tani 2 kwa hekta, yakapanda hata kufika tani 6. Hilo lilikuwa jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini jirani aliye nje ya skimu ana macho. Aliona mpunga, aliona fedha, aliona nyumba za bati zikijengwa. Naye alikuwa na shamba kando ya mto ule ule, tena mahali pengine juu ya banio. Akajifunza kwa kutazama tu, akatafuta miche, akafungua majaruba yake. Wakafuata wengine, na wengine tena. Katika miaka ya 1990 maji yaliyofika skimuni hayakutosha tena, na sehemu kubwa ya mashamba yale yaliyosawazishwa kwa gharama nyingi ikakosa mpunga. Watu wa chini na watu wa juu wakashikana kwa maneno makali.

Nani alikuwa na haki? Mtu wa skimu aliweza kusema: "Maji haya tumepewa kwa kibali cha Serikali, na deni la mifereji hii ni letu sote." Mtu wa juu aliweza kujibu: "Mto ulipita kwangu kabla ya skimu kuwako. Kwa nini mpunga uwe halali kwa huyu na haramu kwangu?" Sisi hatuthubutu kumwita mmoja wao mwizi. Twaona tu kwamba ugomvi haukuzaliwa na ubaya wa kazi ile, bali na uzuri wake. Kama mpunga ungekufa, hakuna ambaye angeyagombania maji. Mstari wa ramani ulikuwa umewaweka wengine ndani na wengine nje, lakini mto haukuujua mstari huo.

Hapa ndipo penye somo. Msaada hauingii mahali patupu. Unawakuta watu ambao tayari wana mipaka yao, deni zao, ndoa zao na chuki zao za kale. Ukiingia, hauwezi kukaa kando. Ama utaongeza yale yanayowatenga, ama utaongeza yale yanayowaunganisha.

Pale ugomvi unapokuwa wa damu

Mtu asidhani kwamba twaukuza ugomvi wa majaruba. Mahali pengine jambo hili limegusa uhai wa maelfu ya watu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda waliokadiriwa kupita laki mbili walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benako ikawa ghafla kama mji mkubwa. Bila chakula, dawa na maji yaliyoletwa na mataifa, wengi mno wangalikufa, na nchi yetu ilitenda neno la Injili kwa kuwafungulia.

Hata hivyo, kati ya wale wakimbizi walikuwamo watu waliokuwa wameongoza mauaji ya halaiki ya Watutsi. Hao walikuja wakiwa na vyeo vyao, na kwa kuwa walijua kuandika orodha na kupanga watu, ugawaji wa chakula ulianza kupitia mikononi mwao. Huko Goma, upande wa Zaire, jambo hilo lilikuwa baya zaidi: aliyeishika orodha aliwashika watu. Kwa sababu hiyo, mnamo Novemba 1994, tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka lilijitoa katika kambi za huko, likiona kwamba msaada unawatia nguvu wauaji. Wengine walibaki, wakisema hawawezi kuwaacha watoto wasio na hatia. Pande zote mbili zilikuwa na sababu nzito, na uchungu huo waonyesha jinsi ilivyo shida kurekebisha baadaye jambo ambalo halikutazamwa mwanzoni.

Wenyeji wa Ngara nao walikuwa na neno lao. Miti ilikatwa kwa kuni pande zote za kambi, na mkulima maskini aliona mgeni akipewa unga, mafuta na dawa ambavyo yeye hana. Baadaye misaada ilielekezwa pia kwa wenyeji, ikatengeneza barabara, visima, shule na zahanati. Ilikuwa hatua ya hekima, ingawa ilikuja baada ya manung'uniko.

Milango mitano ya madhara

Kutokana na mambo kama hayo, mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Mary B. Anderson, alikusanya yale waliyojifunza watoaji wa misaada katika nchi nyingi zenye vita, akayatoa katika kitabu mwaka 1999. Shauri lake kubwa ni lile lile linalofundishwa kwa waganga: kwanza usidhuru. Alionyesha kwamba msaada hudhuru kwa kupitia milango inayojulikana. Yafaa kila mzazi na kila kiongozi wa jumuiya aijue.

Mlango wa kwanza ni wizi. Mali ya msaada ikiibwa, inaweza kumlisha mwenye bunduki au kumtajirisha mnyang'anyi.

Wa pili ni soko. Mahindi ya bure yakimwagwa wakati wa mavuno, bei huanguka, na mkulima aliyetoa jasho huadhibiwa kwa ajili ya bidii yake. Kadhalika, kodi za nyumba na mishahara hupanda pale wafadhili wanapojaa, na asiyefanya kazi kwao huumia.

Wa tatu ni mgawanyo. Ikiwa wanaopewa ni wa kabila moja, dini moja, ukoo mmoja au upande mmoja wa mto, msaada unakuwa ukuta.

Wa nne ni kushika nafasi ya mwenye wajibu. Mgeni akijenga kila kitu, kiongozi anayepaswa kuwatumikia watu wake hupata nafasi ya kukaa bure, au ya kuitumia fedha ya watu kwa mambo mengine.

Wa tano ni heshima. Yule tunayempa orodha aiandike, ghala ailinde na hotuba aisome, tunamvika cheo mbele ya watu. Yatupasa kujua tunamvika nani.

Pamoja na milango hiyo uko mwenendo wetu wenyewe. Mfadhili anayekuja kusema habari za usawa, kisha anakula peke yake garini huku wenyeji wakimngoja juani, amefundisha somo jingine kwa matendo yake.

Yanayounganisha

Haitoshi kujua yanayotenga. Katika kila ugomvi yamo pia mambo yanayounganisha, na mara nyingi hayo ndiyo tunayosahau kuyatafuta. Mama anayepima mchele sokoni hamwulizi mnunuzi kama anasali Jumapili au Ijumaa, na mchele wa ndani ya skimu na wa nje huchanganyika katika kipimo kimoja. Msiba unapotokea, watu wa juu na wa chini hukaa katika turubai moja. Watoto wao husoma shule moja. Nao mfongo wa zamani, pamoja na wazee wake na zamu zake, ni shule ya amani iliyokuwapo kabla ya wataalamu kufika.

Mtoaji mwenye busara huyajenga hayo. Badala ya kuwa na kamati ya watu wa skimu peke yao, huwaketisha pamoja wote wanaokunywa mto mmoja. Kwa kweli, sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 juu ya rasilimali za maji imefungua njia hiyo kwa jumuiya za watumia maji, ambamo wenye chanzo kimoja huweza kupatana wenyewe juu ya zamu na kusuluhisha magomvi. Sheria hiyo si mgeni kwetu: wazee wa mfongo wangeitambua mara moja.

Papa Paulo wa Sita, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, alifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya mtu mzima na ya watu wote, na kwamba amani na maendeleo haviachani. Tuyashike maneno haya mawili: "watu wote". Maendeleo yanayomwacha jirani ng'ambo ya mstari hayajawa maendeleo kamili.

Yatupasa kufanya nini

Tuchukue mfano mdogo. Jumuiya moja ya Majengo imechanga unga na sukari kwa ajili ya mjane Mkatoliki. Ukuta wa pili anakaa mjane Mwislamu, na nyumba ya tatu mjane Mlutheri, wote wenye njaa ile ile. Wanajumuiya wakipita milango hiyo miwili huku wakiimba, watakuwa wametoa chakula na kupanda mwiba. Lakini wakikaa kwanza na majirani, wakauliza ni nani wenye shida katika mtaa wetu, huenda wale majirani nao wakaleta maharage, na kazi ya jumuiya moja ikawa kazi ya mtaa mzima.

Basi, kabla ya kutoa, tuulize: Hapa watu wametengwa na nini, na wanaunganishwa na nini? Nani atapata, nani atakosa, na aliyekosa ataelezwa nini? Wakati wa kutoa, orodha isomwe mbele ya wote, na sababu za kuchagua zijulikane kabla ya majina kujulikana. Baada ya kutoa, turudi kusikiliza, hasa kwa wasiokuja mkutanoni. Na tukiona tumekosea, tubadili njia bila kuona haya.

Mtu ataniambia: "Mkiuliza maswali yote hayo, mwenye njaa atakufa mkiwa mkutanoni." Hapana. Mitume hawakuifunga meza wakati walipokuwa wakichagua wale saba. Penye njaa kali toa leo, na uulize leo leo. Lakini usipitishe mwaka mzima ukitoa bila kuuliza.

Mwingine atasema: "Je, tuepuke kila linaloudhi?" La, sivyo. Mjane aliyenyang'anywa kihamba na shemeji zake akisaidiwa kukirudisha, shemeji watakasirika. Hasira hiyo haitufanyi tumwache. Amani si ukimya wa mdhulumiwa. Twachosema ni kwamba ugomvi utokao katika haki tuupokee kwa ushujaa na kwa njia za upole, lakini ugomvi utokao katika uzembe wetu tusiusingizie haki.

Enyi baba na mama, somo hili huanza nyumbani. Mzazi anayempa mtoto mmoja kila siku na kumsahau mwingine, huku akisema kwamba anawapenda wote, ameshaanza kuwafundisha ndugu kuchukiana. Na mtoto anayenung'unika kwa haki, pengine ndiye anayefaa kupewa upawa agawe chakula cha jioni, mbele ya macho ya wote. Mitume walifanya hivyo, na meza yao haikuanguka.

Maswali ya kujibiwa na jamaa

1. Katika mtaa au kijiji chetu, ni msaada gani uliowahi kuzaa ugomvi? Ulipita katika mlango upi kati ya ile mitano?

2. Katika ugomvi wa maji ya Rau na Njoro, ungekuwa mtu wa juu ungesema nini? Ungekuwa mtu wa chini ungesema nini? Jaribuni kubadilishana pande.

3. Ni mambo gani matatu yanayotuunganisha na majirani wasio wa dini yetu au wa ukoo wetu?

4. Katika parokia yetu, nani huandika orodha ya wenye shida? Je, upande unaonung'unika una mtu wake mezani?